Usiku wa Cartagena Huanzia kwenye Karai

Cartagena de Indias, jiji la bandari kaskazini mwa Kolombia, haliishi mchana. Joto hufika nyuzi 31 au 32 karibu mwaka mzima, unyevunyevu wa Bahari ya Karibi unaganda mwilini, na mgeni anayezurura saa nane ndani ya kuta za mji wa kale hukutana zaidi na wageni wenzake. Wenyeji wanasubiri. Ikikaribia saa kumi na mbili jioni jua linatumbukia baharini, upepo unaanza kupita juu ya kuta, viti vya plastiki vinatolewa vibarazani, na kwenye pembe za mitaa akina mama wanabandika makarai ya mafuta motoni.

Wakati huohuo ziara za usiku za chakula na burudani nazo zinaanza, na siku hizi ni miongoni mwa mambo yanayotafutwa sana na watalii wa jiji hili. Utaratibu wake ni mwepesi. Kiongozi, mara nyingi kijana wa palepale, anakusanya kikundi kidogo na kukitembeza kwa miguu kwa muda wa saa tatu au nne. Watu wanakula kidogo hapa, kidogo pale, wanakunywa kitu cha baridi, wanasikia habari za mtaa, kisha wanaachwa kwenye mlango wa ukumbi wa muziki, kila mtu na nguvu zake.

Ipo pia ziara ya chiva. Chiva ni basi lenye bodi ya mbao, limepakwa rangi kali na ubavuni liko wazi bila madirisha. Asili yake ni kubeba wakulima na mizigo yao kwenye milima ya bara, hasa Antioquia. Cartagena imeligeuza kuwa disko linalotembea: wapiga muziki wanakaa pamoja na abiria, chupa ya ramu inapita mkono kwa mkono, na gari linazunguka kutoka hoteli ndefu za mtaa wa Bocagrande hadi kwenye kuta za kale. Kwa kundi la marafiki ni furaha isiyo na shaka. Lakini anayepanda chiva anaiona Cartagena ikimpita. Anayetaka kuijua ashuke, atembee, ale akiwa amesimama.

Matembezi mengi huanzia chini ya Torre del Reloj, mnara wa saa ulio juu ya lango la mji wa kale. Ukilivuka lango unatokea Plaza de los Coches, uwanja wenye nyumba za rangi ya njano na chungwa, wenye taa, wachuuzi na watu wanaojipiga picha. Zamani Waafrika walikuwa wakiuzwa hapo. Mji huu ulianzishwa na Mhispania Pedro de Heredia mwaka 1533, na katika karne zilizofuata ukawa moja ya bandari kuu ambazo himaya ya Hispania ilizitumia kuingiza watumwa Amerika Kusini. Wengi walitoka pwani ya Guinea, Kongo na Angola. Kiongozi anayeijua kazi yake hulisema jambo hili mwanzoni kabisa, kabla mgeni hajatia kitu mdomoni, na anafanya vyema, kwa kuwa sehemu kubwa ya kile kitakacholiwa na kuchezwa usiku huo kimepitia mikononi mwa watu waliouzwa pale na mikononi mwa watoto wao.

Ubavuni mwa uwanja huo kuna baraza ndefu ya matao iitwayo Portal de los Dulces. Wauzaji wamekaa nyuma ya meza zilizopangwa mitungi mikubwa ya kioo. Mna mabonge ya ukwaju yaliyoviringishwa kwenye sukari, papai bichi lililokunwa na kupikwa kwa sukari guru, vipande vya keki ya muhogo iliyotiwa nazi, jibini na anisi, na cocada za kila rangi. Mtu aliyekulia Tanga au Lamu akiing'ata cocada atasema ni kashata, naye hatakuwa amekosea sana.

Nje ya matao wanasimama wanawake waliovaa magauni ya rangi za bendera ya Kolombia, njano, buluu na nyekundu, wakiwa na beseni la matunda kichwani. Hao ndio palenquera. Jina lao linatokana na San Basilio de Palenque, kijiji kilicho umbali wa kilomita 50 hivi kutoka Cartagena, kilichojengwa na watumwa waliotoroka. Kiongozi wao anayekumbukwa zaidi ni Benkos Biohó, Mwafrika aliyepigana vikali na Wahispania hadi wakalazimika kupatana naye, kisha wakamgeuka na kumnyonga mwaka 1621. Palenque ilidumu. Hadi leo watu wake wana lugha yao, mchanganyiko wa Kihispania na maneno ya asili ya Kikongo, na mwaka 2005 UNESCO ilitangaza utamaduni wa kijiji hicho kuwa urithi wa wanadamu wote. Bondia Antonio Cervantes, maarufu kwa jina la Kid Pambelé, aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1972, ni mtoto wa Palenque. Kwa vizazi vingi wanawake wa kijiji hicho wamekuwa wakija Cartagena kutembeza matunda na vitu vitamu mitaani ili kulisha na kusomesha watoto wao. Siku hizi wengi wanapata zaidi kwa kupigwa picha na watalii kuliko kwa kuuza embe na papai.

Kutoka hapo hadi Getsemaní ni mwendo wa dakika chache tu kwa miguu. Getsemaní ni mtaa uliokuwa wa mafundi, wavuvi, wapagazi na watu weusi huru, na ndiyo maana uasi ulianzia huku. Tarehe 11 Novemba 1811 watu wa Getsemaní, wakiongozwa na fundi mweusi Pedro Romero, waliandamana kuwashinikiza wakubwa wa mji wakatie saini tangazo la uhuru kamili kutoka Hispania. Sanamu yake imesimama katika Plaza de la Trinidad, mbele ya kanisa la rangi ya njano, na jioni watoto wanapiga mpira miguuni pake huku wazee wakipunga upepo kwenye ngazi za kanisa.

Pembezoni mwa uwanja huo ndipo yalipo makarai.

Cha kwanza kuonjwa ni arepa ya yai. Mahindi makavu yamechemshwa, yamesagwa na kukandwa kuwa donge laini. Mpishi anachukua kipande, anakibonyeza kuwa duara la ukubwa wa kiganja, anakitelezesha kwenye mafuta. Baada ya muda kinafura na kuwa na uwazi katikati. Anakiopoa, anakichana ukingoni kwa kisu, anavunja yai bichi na kulimimina lote ndani ya mfuko huo, wakati mwingine na kijiko cha nyama ya kusaga, anaziba mpasuo kwa donge bichi la unga, kisha anakirudisha kwenye mafuta. Kazi yote inafanywa kwa vidole vilivyozoea moto, na mkono ukitetereka yai linamwagikia karaini. Arepa inayotoka ni ya rangi ya dhahabu, ngumu nje, laini ndani, nayo huliwa ikiwa bado inachoma ulimi, kwa pilipili ya siki au kwa maziwa mazito ya mgando ambayo watu wa pwani hiyo huyaita suero.

Pembeni mwa arepa kuna carimañola, yaani muhogo uliopondwa na kujazwa nyama au jibini. Kuna patacón, vipande vya ndizi mbichi vilivyokaangwa, vikapondwa kuwa bapa, vikakaangwa tena. Kuna kibe, kitafunio cha ngano na nyama kilicholetwa na wahamiaji kutoka Lebanoni na Syria walioanza kufika Kolombia mwishoni mwa karne ya 19, na leo hakuna anayekiona kigeni. Na kuna kitu kimoja kidogo ambacho msomaji wa Mombasa au Unguja atakitambua kabla hajaambiwa: kunde zilizolowekwa, zikamenywa maganda, zikasagwa na kupigwa mpaka zikajaa hewa, kisha zikachotwa kwa kijiko na kutiwa kwenye mafuta. Watu wa Cartagena wanaziita buñuelo za kunde. Nigeria wanaziita akara, Bahia huko Brazili ni acarajé, na pwani ya Afrika Mashariki ni bajia. Mapishi haya yalivuka Atlantiki vichwani mwa watu ambao hawakuruhusiwa kubeba kingine chochote.

Jiji lenyewe linauheshimu ufundi huu. Kila mwanzo wa mwaka, katika majira ya sikukuu ya Bikira Maria wa Candelaria inayoangukia tarehe 2 Februari, hufanyika tamasha la vyakula vya kukaanga. Wapishi wa mitaani, wengi wao wanawake waliorithi kazi kwa mama na bibi zao, hupanga meza zao na kushindana mbele ya umati.

Baada ya vitafunio kinakuja chakula chenyewe, na mezani Cartagena haina mjadala: samaki mzima wa kukaanga, patacón, kachumbari kidogo na wali wa nazi. Wali huu unastahili kuelezwa taratibu. Nazi inakunwa na kukamuliwa, kasimile inawekwa kando na tui la pili kando. Kasimile ndiyo inayotangulia motoni, peke yake, na inaachwa ichemke hadi maji yaishe, mafuta yajitenge, na mashapo yageuke kuwa chembe za rangi ya kahawia. Chembe hizo wanaziita titoté. Hapo hutiwa sukari guru, kisha mchele, na mwisho tui la pili na chumvi. Wali unatoka wa kahawia, mtamu kwa mbali, una harufu ya nazi iliyoungua kidogo. Mpishi wa Pwani aliyezoea kutia tui jeupe mwishoni atashangaa, lakini akionja atauliza namna ya kupika.

Hata nazi yenyewe ina safari yake. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba minazi ya upande wa Atlantiki ni ya ukoo wa Bahari ya Hindi. Wareno ndio walioibeba baada ya Vasco da Gama kupita pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1498, wakaipanda Afrika Magharibi na visiwa vya Cape Verde, na kutoka huko ikafika Karibi. Kwa hiyo wali wa nazi wa Cartagena na ule wa Malindi ni ndugu kwa nazi, hata kama jikoni kila mmoja ana njia yake.

Wageni wenye fedha zaidi huenda kwenye migahawa ya ndani ya kuta. Mgahawa La Cevichería, unaouza samaki wabichi waliolowekwa katika maji ya ndimu, ulipata jina duniani baada ya mpishi na mtangazaji Anthony Bourdain kuupitia katika kipindi chake cha televisheni. Baa ya Alquímico, iliyo katika jumba la zamani la ghorofa, imekuwa ikitajwa mara kwa mara katika orodha ya baa 50 bora duniani. Ni sehemu nzuri na zinastahili sifa zao. Hata hivyo, mwenye usiku mmoja tu asiumalize huko, maana migahawa ya kifahari ipo katika kila jiji kubwa, ilhali arepa ya yai ya Plaza de la Trinidad haipatikani kwingine.

Ikifika saa nne usiku, muziki unachukua nafasi.

Historia ya muziki wa Cartagena ina kipande ambacho wasemaji wa Kiswahili wengi hawakijui. Tangu katikati ya karne iliyopita, mitaa ya maskini ya Cartagena na Barranquilla imekuwa na mitambo mikubwa ya muziki iitwayo picó: maspika marefu kupita mtu, yamepakwa rangi zinazong'aa gizani, kila mtambo ukiwa na jina lake, mchoro wake na mashabiki wake. Kuanzia miaka ya 1970 wenye picó walianza kupata santuri za Afrika zilizoletwa na mabaharia na wasafiri, hasa soukous ya Kongo na afrobeat ya Nigeria. Ushindani ulikuwa mkali. Mwenye santuri nzuri aliibandua karatasi ya katikati ili mpinzani asijue jina la mwimbaji wala la wimbo, na watu wakaubatiza kwa jina la Kihispania. Wimbo Icha wa mpiga gitaa Syran Mbenza wa Kongo, kwa mfano, unajulikana huko kama El Sebastián. Ndivyo ilivyotokea kwamba magitaa yaleyale yaliyokuwa yakichezesha watu Kinshasa, Lubumbashi, Nairobi na Dar es Salaam yalikuwa pia yakichezesha vichochoro vya Cartagena, kwa watu ambao hawakujua maneno yake na waliyakariri hivyohivyo.

Kampuni za muziki za Kolombia hazikuchelewa kuona biashara hiyo. Discos Fuentes, iliyoanzishwa hapohapo Cartagena mwaka 1934 na baadaye kuhamia Medellín, iliunda katika miaka ya 1970 bendi ya kupiga midundo ya Kiafrika na kuipa jina Wganda Kenya. Hakuna mwanamuziki wake aliyetoka Kampala wala Nairobi. Mmoja wa vinara wake alikuwa Julio Ernesto Estrada, maarufu kama Fruko, ambaye pia ndiye aliyemlea kimuziki kijana wa Cartagena aliyekuja kuwa nyota wa salsa, Joe Arroyo. Mwaka 1986 Arroyo alitoa wimbo Rebelión, unaosimulia habari za mume na mke wa Kiafrika waliokuwa watumwa Cartagena na mume anayeinuka kumtetea mkewe anapopigwa na bwana. Ni wimbo wa kuchezwa, na hadi leo ukipigwa ukumbini hakuna anayebaki kitini.

Katika miaka ya 1980 vijana waliacha kukariri na kuanza kuimba kwa Kihispania, na wengine kwa lugha ya Palenque, juu ya magitaa hayo ya Kikongo. Viviano Torres, mzaliwa wa Palenque, na kundi lake la Anne Swing ni miongoni mwa waasisi. Muziki huo ndio champeta. Huchezwa na watu wawili waliokaribiana sana, miguu ikisogea kidogo mno kiasi kwamba wenyeji husema wachezaji hodari wanatosha kwenye kigae kimoja cha sakafu. Wakubwa wa jiji waliudharau kwa muda mrefu, wakauita muziki wa wahuni wa sokoni. Dharau hiyo ilikuwa ya rangi na ya tabaka, haikuwa ya sanaa. Februari 2020 mwimbaji Shakira alicheza champeta katikati ya fainali ya mpira wa Kimarekani, Super Bowl, mbele ya mamilioni ya watazamaji, na mdundo uliomchezesha ulikuwa Icha.

Huko Getsemaní watalii husikiliza champeta ya bendi katika ukumbi wa Bazurto Social Club. Salsa wanaifuata Café Havana, kwenye kona ya Calle de la Media Luna, ambako Hillary Clinton alicheza Aprili 2012 alipokuwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani.

Mwezi huohuo wa Aprili 2012, kabla ya mkutano wa marais wa Amerika, walinzi wa rais wa Marekani walirudishwa nyumbani kwa kashfa ya kununua makahaba jijini humo. Makala kuhusu usiku wa Cartagena haiwezi kuliruka jambo hili. Biashara ya ngono ni sehemu ya usiku wa jiji, na baya zaidi ni kwamba inawagusa watoto. Taasisi iitwayo Fundación Renacer imekuwa ikiendesha kampeni inayowataka wafanyakazi wa hoteli, madereva wa teksi na wachuuzi wa ufukweni wawe ukuta wa kuwakinga watoto dhidi ya watalii wenye nia chafu. Mtalii anayepenyezewa jambo la namna hiyo mtaani, na hilo hutokea, ana wajibu wa kukataa na kutoa taarifa.

Liko pia suala la nyumba. Zamani soko kuu la jiji lilikuwa Getsemaní. Mwaka 1978 lilihamishiwa Bazurto, mbali na macho ya wageni, na mahali pake pakajengwa ukumbi wa mikutano uliofunguliwa mwaka 1982. Tangu mji wa kale ulipoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1984 thamani ya majumba imepanda, na katika miaka ya karibuni Getsemaní yenyewe imefurika hosteli, hoteli na mikahawa. Familia nyingi zimeuza au zimeshindwa kodi na kuhamia pembezoni. Baadhi ya wanaokaanga arepa kwenye uwanja wa Trinidad hawalali tena Getsemaní. Wakimaliza kuuza wanafungasha karai na kwenda kutafuta usafiri wa kurudi mbali.

Kwa sababu hiyo ni muhimu kujua fedha ya mgeni inamfikia nani. Anayechagua ziara aulize kabla ya kulipa: kiongozi anatoka mtaa gani, na wapishi wa mitaani wanalipwa kiasi gani kwa kila mtalii anayeletwa? Kampuni nzuri haioni tabu kujibu. Miezi ya Desemba hadi Aprili ndiyo ya ukame na upepo. Oktoba na Novemba mvua ni nyingi, ingawa Novemba ndiyo yenye sherehe za uhuru. Msafiri abebe peso za noti ndogo, aende Getsemaní jioni akiwa na njaa, amlipe palenquera kabla ya kuinua simu kumpiga picha, na kama ana siku ya ziada aende Palenque yenyewe, akale na kununua hukohuko.